Maji Kinywani mwa Dinosaria

Dharau ya Daktari kwa shemeji yake haikuwa ya kificho. Angeweza kuificha, maana alikuwa mwanamke msomi aliyelelewa akaleleka, ila aliona kuificha ni kumpa mtu yule heshima asiyoistahili. Jina la shemeji likitajwa mezani, alibetua mdomo. Sauti yake ikisikika redioni, alizima redio. Na siku alipoikuta sura yake kwenye bango kubwa la barabarani, amekenua meno kando ya dinosaria aliyekenua zaidi yake, alimwambia dereva wa teksi apite njia nyingine hata kama ni ya mzunguko.

Huyo shemeji, mdogo wa mumewe, watu walimwita Mifupa. Alikuwa amesomea wanyama wa kale, hilo hata Daktari hakulikana, na enzi za ujana wake aliwahi kushiriki kuchimba visukuku, ile mifupa iliyogeuka jiwe, katika bonde moja kame. Alitoka huko na kipande cha ubavu, malaria kali na hadithi. Ubavu aliukabidhi makumbusho, malaria ikapona, hadithi ndiyo akaishi nayo. Kwa miaka mingi sasa hakuwa amechimba hata shimo la taka. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya watu, kichwani kofia ya mchimbaji isiyojua vumbi, na kunguruma. Na kunguruma alikujua. Watoto walimpenda, mama zao walimpenda zaidi, na hata baba zao, waliokuja wakiburutwa, waliondoka wakijaribu kunguruma ndani ya gari.

Daktari yeye alikuwa bingwa wa mbu. Alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa magonjwa, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye joto la tanuri kwa sababu mbu wake hawakupenda baridi. Humo mlikuwa na vizimba vya chandarua, trei za maji zilizojaa viluwiluwi, hadubini moja nzuri na nyingine ya kuazimisha. Mbu akitua ukutani, Daktari alimtambua kwa namna alivyoinua kiuno. Lakini nje ya chumba kile hakuna aliyejua kama Daktari yupo duniani, na yeye aliamini kosa ni la hao wa nje.

Mwaka huo homa ya dengi ikaingia mjini ikakaa kitako. Watu walianguka kazini wakishika viuno, wengine wakitokwa na vipele, wengine damu kwenye fizi. Taasisi ikamtuma Daktari akazungumze na wananchi. Alikwenda kwenye ukumbi wa mtaa na picha zake za kutundika, akaeleza kwa usahihi usio na doa kwamba mbu wa dengi huuma mchana, hutaga kwenye maji yaliyotuama kwenye vyombo, na mayai yake huvumilia ukame kwa miezi. Kisha akafungua jedwali, akalisoma safu kwa safu. Nusu ya watu walisinzia, nusu nyingine wakatoka kupokea simu ambazo hazikuwa zimelia. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyebaki kwa adabu tu, akauliza kama mbu hao wanaweza pia kuambukiza ukimwi.

"Swali hilo lilijibiwa kabla hujaota mvi," Daktari alimwambia. "Mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Alirudi ofisini akawaambia wenzake kwamba ujinga una chanjo, tatizo wagonjwa wenyewe wanakimbia sindano.

Haikupita wiki Mkurugenzi wa taasisi akamwita. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la vikao, aliyezoea kuwapa watu habari mbaya huku akiwamiminia chai.

"Dokta," alisema, "wafadhili wanataka tuwafikie watu. Ulikwenda, tunashukuru, lakini taarifa niliyopata ni kwamba watu hawakufikiwa."

"Walifikiwa. Hawakuamka tu."

Mkurugenzi akacheka kidogo, akasukuma kikombe. "Tumeamua tuunganishe mambo mawili. Mbu ni viumbe wa kale sana, si ndiyo? Wapo tangu enzi za dinosaria. Sasa tunamleta mtu wa dinosaria, anawakusanya watu, anawachangamsha, halafu wewe unapanda na kuwaambia habari za dengi."

Daktari alihisi moyo wake unashuka ngazi kabla ya yeye mwenyewe kuinuka. "Mtu gani wa dinosaria?"

"Yupo mmoja tu, Dokta. Na nimesikia ni wa nyumbani kwako."

Jumapili ile, walipokutana kwa mama mkwe kula chakula cha mchana, habari ilikuwa imeshatangulia. Mama mkwe, mjane mwenye sauti ndogo na masikio makubwa, alikuwa amejaa furaha kwamba wanawe watafanya kazi pamoja. Mifupa alikuja amechelewa, akambusu mama yake kwenye paji la uso, akakaa mkabala na Daktari, akakunjua kitambaa cha mkono kana kwamba ndiye mgeni rasmi.

"Shemeji," alisema, "naambiwa nimekuwa mpigadebe wako."

"Debe tupu ndilo linalopigika vizuri," Daktari alijibu bila kuinua macho kwenye sahani.

Mumewe, mpima ardhi asiyependa mipaka ya ndani ya nyumba, alikohoa. Mifupa hakukasirika. Hilo ndilo lililomkera Daktari kuliko yote: mtu yule hakasiriki, kama sufuria isiyoshika ukoko.

"Ni kweli, mimi natia chumvi," alisema. "Lakini wewe, shemeji, unaongea na watu kama unawapulizia dawa. Unataka waanguke."

Mama mkwe alicheka, kisha akaona uso wa mkwe wake, akakimbilia kuongeza mchuzi.

Basi mradi ukaanza. Kitu cha kwanza Mifupa alichodai ni dinosaria. Hakutaka wa mpira wala wa picha, alitaka wa saruji, asimame uani mwa taasisi karibu na geti ili watu wamwone toka barabarani. Mafundi wakaja na nondo na waya, wakasuka mifupa, wakaivisha saruji, wakaipaka rangi ya kijani ambayo Daktari aliiita rangi ya ukungu wa mkate. Mnyama alikuwa mkubwa kuliko lori la maji. Kichwa kilitazama mbinguni, kinywa wazi, taya la chini pana kama beseni la kuogea mtoto, na kando yake wakajenga ngazi ili watoto wapande wapigwe picha wakiingiza mikono katikati ya meno. Chini, kuzunguka uwanja, Mifupa aliwaagiza mafundi wachimbe nyayo kwenye sakafu ya saruji, vidole vitatu vitatu, za kina kirefu, ili mtoto aingize mguu wake aone ulivyo mdogo. Hakuna aliyemuuliza Daktari chochote. Yeye naye alipita hapo asubuhi na jioni ameangalia pembeni, kama mtu anayepita mlangoni kwa anayemdai.

Siku ya onyesho la kwanza uani hapakuwa na pa kutia mguu. Walikuja wanafunzi na walimu wao, walikuja wachuuzi, walikuja wagonjwa wa kliniki ya jirani na kadi zao mkononi. Mifupa alipanda jukwaani akanguruma, watoto nao wakanguruma, hata vioo vya maabara vikatikisika. Akaeleza meno, akaeleza mkia, akatembea kama dinosaria mwenye njaa na kisha kama dinosaria aliyeshiba. Daktari, amekaa mstari wa mbele na koti lake jeupe, alikuwa anahesabu makosa. Ndipo Mifupa akapunguza sauti.

"Mnyama mkubwa namna hii," alisema, "mnajua nani alimuua?"

Watoto wakanyoosha shingo.

Akatoa mfukoni mbu wa waya, mdogo, akamning'iniza hewani. "Huyu hapa. Mbu. Alimuuma, akamtia homa, akamlaza chini. Kama alimuweza dinosaria, wewe na chandarua chako kilichotoboka utamuweza?"

Watu wakashusha pumzi kwa pamoja. Daktari akasimama.

"Si kweli," alisema, na kwa kuwa hakuwa na kipaza sauti, alilazimika kupayuka kidogo. "Tuna mbu wa enzi hizo walionaswa kwenye kaharabu, utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Hilo ni kweli. Inawezekana waliwauma dinosaria. Lakini walioangamiza dinosaria si mbu. Ushahidi mkubwa unaonyesha ni kimondo. Huwezi kuwafundisha watu uongo ili wafunike mapipa yao."

Watu wakageuka kumtazama kama wanavyomtazama mtu aliyezima taa katikati ya harusi. Mwanamume mmoja aliyembeba mtoto mabegani akasema kwa upole kabisa, "Mama, tuache tufurahi kidogo."

Na Mifupa akatabasamu. "Huyo ni shemeji yangu, jamani. Nyumbani kwao hata utani unapimwa maabara kwanza."

Kicheko kilichofuata Daktari alikisikia hadi kwenye meno. Baada ya hapo akaitwa yeye kuzungumza. Alipofika kwenye jukwaa watu walikuwa wameshapanga foleni ya picha kwenye ngazi ya dinosaria, na aliongea na migongo yao. Mwalimu mmoja tu, mwanamke mrefu aliyewaleta wanafunzi wa shule ya msingi ya karibu, alikaa akaandika alichosema na mwisho akaomba vipeperushi. Daktari alimpa bila kumtazama. Alikuwa anamtazama Mifupa, aliyekuwa anasaini kofia za watoto.

Maonyesho yakawa ya kila wiki. Mvua nazo zikaanza, zile zinazonyesha usiku na kuacha asubuhi yenye jua kali. Na huko maabara, mchana kweupe, Daktari akaanza kuumwa na mbu kwenye vifundo vya miguu. Akakagua vizimba vyake, vilikuwa vizima. Akafuata mabomba, akafuata mifereji ya paa, hakuona kitu. Saa ya chakula, uani pakiwa patupu, akasimama mbele ya dinosaria kwa mara ya kwanza tangu ajengwe, akamtazama vizuri.

Nyayo zote zilikuwa zimejaa maji. Akachutama. Ndani ya unyayo wa kwanza viluwiluwi vilikuwa vinajikunja na kujikunjua, vingi kama mchele unaooshwa. Akapanda ngazi akachungulia kinywani. Fundi hakuacha tundu la kutolea maji. Taya lile pana lilikuwa limehifadhi mvua ya siku nyingi, na majani yaliyooza, na kijiti cha aiskrimu, na ukoo mzima wa mbu.

Daktari alishuka taratibu. Furaha iliyomjaa ilikuwa furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa machapisho yake yote. Akaenda kuchukua upawa na chupa, akachota, akapanda na vile viluwiluwi ghorofani, akavilea. Mbu walipotoka akawatazama kwenye hadubini nzuri: miguu yenye pete nyeupe, mgongo wenye mistari. Mbu wa dengi, hakuna ubishi. Mnyama aliyejengwa kuwafundisha watu kujikinga na dengi alikuwa anaifuga.

Angemwambia Mkurugenzi saa ile ile, maji yangemwagwa kabla ya chai. Hakumwambia. Taasisi ilikuwa inajiandaa na siku kubwa ya sayansi kwa umma, mgeni rasmi akiwa mtu mzito serikalini, na Mifupa alikuwa ametengewa saa nzima. Daktari aliiona siku hiyo akilini mwake tangu mwanzo hadi mwisho: chupa mkononi, uso wa shemeji, kimya cha watu. Alimsimulia mumewe wakiwa wanakunja nguo.

"Mwambie leo," mumewe alisema.

"Nitamwambia. Mbele ya watu, kama anavyopenda mambo yake."

"Kuna watoto wanakuja pale."

"Watoto walikuwa wanaumwa na mbu kabla kaka yako, mdogo wako, yeyote yule, hajajifunza kunguruma. Siku chache haziwezi kugeuza kitu."

Mumewe alikunja shati lile lile mara mbili, akaliweka. Alikuwa amezoea kushindwa kwa hoja, na mke wake alikuwa na hoja daima.

Siku ile ikafika. Mahema yalifungwa, zulia likatandikwa, mgeni rasmi akakaa katikati na chupa yake ya maji na walinzi wake. Mifupa alikuja amechoka, macho mekundu, akasema ana mafua. Hata hivyo alipanda, akanguruma, na watu wakamwitikia. Alipofika kwenye ule wimbo wake wa mbu na dinosaria, Daktari akapanda jukwaani bila kuitwa, akachukua kipaza sauti cha pili.

"Ndugu mgeni rasmi," alisema, "ninaomba mtazame chupa hii." Akaiinua juani. Viluwiluwi vikacheza. "Hivi ni viluwiluwi vya mbu wa dengi. Sikuvitoa mtoni, sikuvitoa kwenye mapipa ya hawa wananchi tunaowalaumu kila siku. Nimevitoa kinywani mwa huyo mnyama. Na kwenye nyayo zake. Shemeji yangu amewajengea watoto wenu kiwanda cha homa, akakipaka rangi ya kijani."

Kilikuwa kimya kile kile alichokiota. Mkurugenzi alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Mgeni rasmi akamgeukia msaidizi wake. Na Mifupa, kwa mara ya kwanza tangu Daktari aolewe katika ukoo ule, hakuwa na neno. Alitazama kichwa cha dinosaria, akatazama chupa, akawa kama mtu aliyekuta nguo zake zimeanikwa sokoni. Daktari alikunywa dakika ile kama maji ya baridi.

Ndipo yule mwalimu mrefu akainuka katikati ya wanafunzi wake.

"Dokta," alisema, "samahani. Ulijua lini?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba wamo humo."

Daktari angeweza kudanganya. Lakini hakuwahi kudanganya kuhusu mbu, na jibu likamtoka lenyewe. "Wiki iliyopita. Ilibidi niwalee kwanza ili nithibitishe ni aina gani."

"Na ulipothibitisha?"

Daktari alishusha chupa.

"Wanafunzi wangu walikuwa hapa Jumanne," mwalimu alisema. "Walipanda ile ngazi. Waliingiza mikono humo. Wewe ulikuwa dirishani kule juu, nilikupungia."

Hakupaza sauti. Alimtazama Daktari toka viatuni hadi usoni, mtazamo ambao Daktari aliujua vizuri kwa kuwa ulikuwa wake, aliwapa watu kila siku bila malipo. Kisha akawaambia wanafunzi wasimame, washikane mikono, waondoke. Watu wengine nao wakaanza kunong'ona, na minong'ono ile haikuwa inamwendea Mifupa.

Mifupa ndiye aliyesogea kwanza. Alivua kofia yake, akapanda ngazi, akaanza kuchota maji ya kinywani kwa kofia na kuyamwaga kwenye saruji iliyopata moto. "Njooni muone," alisema, bila kunguruma, sauti imekauka. "Njooni karibu. Hawa wanaojinyonganyonga ndio wenyewe. Mimi niliwajengea nyumba bila kujua. Nendeni mkaangalie kwenu kama hamjawajengea." Watu wakasogea. Wakachutama kwenye nyayo, wakaoneshana, wakapiga picha. Baba mmoja alimpigia simu mkewe palepale akamwambia atazame chini ya friji na kwenye matairi ya nyuma ya nyumba. Daktari alibaki jukwaani na kipaza sauti na chupa, akawaza, hata sasa, hata sasa anafanya maonyesho. Lakini dharau ile, alipoitafuta ile ladha yake, haikuwa tamu.

Mafua ya Mifupa hayakuwa mafua. Kesho yake alianguka bafuni kwa mama yake, na ilipofika jioni alikuwa wodini, amefungwa dripu, damu inamtoka puani. Wanafunzi wawili wa yule mwalimu nao walilazwa wiki hiyo. Mkurugenzi alimwita Daktari, na safari hii hakumimina chai.

"Hakuna ushahidi kwamba ni mbu wa pale," Daktari alimwambia. "Dengi ipo mji mzima. Wanaweza kuwa wameumwa popote."

"Najua, Dokta. Kisayansi uko sahihi." Mkurugenzi alikuwa anatazama dirishani, ambako mafundi wale wale walikuwa wanambomoa dinosaria kwa nyundo. "Nenda nyumbani kidogo. Nitakuita."

Nyumbani nako hapakuwa na nyumba. Mumewe aliongea naye kwa habari za umeme na funguo tu. Mama mkwe alipompigia simu mwanawe kuuliza dawa, Daktari akapokea, mama akasema, "Nipe mwenyewe," akasubiri. Miaka yote ile alikuwa anamwita mwanangu.

Alikwenda wodini siku ambayo alijua wengine hawapo. Mifupa alikuwa ndani ya chandarua, amenyauka, midomo imepasuka, ngozi ya mikono ina madoa mekundu. Bila kofia alionekana ana kichwa kidogo.

"Shemeji," alisema, "karibu. Usiingie ndani ya neti, nisikuambukize mbu wako."

"Si wewe unayeweza kuniambukiza. Ni mbu akikuuma wewe kisha..." Akavuta kiti. "Unaendeleaje?"

"Chembe za damu zinapanda, wanasema. Viungo vinauma kana kwamba nimechimbwa mimi." Akafumba macho kidogo. "Ulijua wiki nzima."

"Nilijua."

"Ulitaka nife?"

Daktari alilitafakari swali hilo kwa haki, kama alivyofundishwa kutafakari maswali. "Hapana. Sikukufikiria wewe kabisa. Nilifikiria uso wako utakavyokuwa."

Mifupa alicheka kwa pua, akakunja uso kwa maumivu. "Ungesema ulitaka nife, ningejisikia vizuri zaidi. Angalau ningekuwa mtu." Muuguzi akapita akabadilisha dripu. "Na mimi ule uongo wa mbu kumuua dinosaria," alisema baadaye, "niliujua ni uongo. Nilikuwa naona watu hawataelewa ukweli. Kwa hiyo tusidanganyane, hatukuwaheshimu, wewe na mimi. Tofauti ni kwamba mimi walinipenda."

Daktari aliinua ukingo wa neti. Akamlowanishia midomo kwa pamba, vibaya, maji yakamwagikia shingoni.

"Ijumaa nilipangiwa shule ya yule mwalimu," Mifupa alisema. "Siwezi. Nenda wewe."

"Hanitaki."

"Nilimpigia. Alikataa mara mbili, ya tatu akasema uje, usiguse mtoto, ukimaliza uondoke."

Alikwenda. Mwalimu alimfungulia darasa bila salamu, akasimama nyuma amekunja mikono. Madawati mawili yalikuwa matupu, wenyewe bado wanapona nyumbani. Daktari hakuwa na jedwali. Alieleza mbu anavyotaga na mayai yanavyobaki chomboni hata maji yakikauka, akachora ubaoni mchoro mbaya, akaeleza kwamba Mifupa alikosea kuhusu kifo cha dinosaria na kwamba yeye mwenyewe alikosea jambo kubwa zaidi. Watoto walimsikiliza kama watoto wanavyomsikiliza mtu waliyesikia habari zake mbaya, kwa makini sana.

Msichana wa dawati la kwanza akanyoosha kidole. "Kama dinosaria alikuwa na ngozi ngumu, mbu alimuuma wapi?"

Daktari alihisi jibu la zamani linapanda kooni, lile alilompa mzee mwenye mvi. Halikutoka. Alijaribu kulifikiria swali lenyewe, na kadiri alivyolifikiria ndivyo alivyoona kwamba hakuna kitabu alichosoma kilicholigusa.

"Sijui," alisema. "Labda kwenye kope. Labda hapa, katikati ya vidole. Sijui kabisa."

Watoto wote wakaanza kuchunguza vidole vyao.

"Muda umekwisha, Dokta," mwalimu alisema.

Hakumsindikiza. Daktari alipita kwenye baraza la ofisi ya walimu, penye vyungu vya maua vilivyopangwa vizuri, kila kimoja na kisahani chake cha kuzuia maji yasichafue sakafu. Alishapiga hatua za kuelekea geti kabla miguu haijamkatalia. Akarudi, akachutama kwenye chungu cha kwanza, akainuka, akarudi hadi mlangoni mwa darasa akabisha.

Mwalimu alifungua nusu. "Kuna nini tena?"

"Njoo barazani. Sasa hivi."

Mwalimu alimtazama kwa jicho lile lile la siku ya mahema. "Umekuja kuniumbua na mimi? Niwaite na watoto washuhudie?"

"Hapana. Njoo peke yako."

Walikwenda. Mwalimu akainama kwenye visahani, akaona viluwiluwi, akajikuna shingo bila kujua. Hakusema asante, na Daktari hakuisubiri. Mmoja alinyanyua chungu, mwingine akamwaga maji kwenye mchanga wenye jua, wakafanya hivyo kwa mstari mzima. Walipofika chungu cha mwisho mwalimu akampa Daktari kitambaa.

"Visugue," alisema. "Si umesema mayai yanabaki?"

Daktari akapiga magoti, akasugua.